Dirisha Lilifunguliwa na Nani

Saa nane mchana chumba cha mashuka husinzia. Mapipa ya kuchemshia yamezimwa, mvuke umebaki unazubaa chini ya dari kama mgeni aliyesahau alichofuata, na matone yanadondoka moja moja kwenye sakafu ya saruji: to, halafu kimya kirefu, halafu to. Basi saa hiyo hiyo ndiyo wakubwa wa hospitali, kwa akili zao za kwenye viti vya kuzunguka, waliyoichagua iwe saa ya somo la Kiingereza.

Mzee Dobi alikaa juu ya furushi la mashuka ya wodi namba nne, daftari gotini, penseli sikioni. Miaka ishirini na sita alikuwa akifua mashuka ya hospitali ile, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limechujuka mpaka likaisha, kama ile mihuri ya bluu kwenye pindo za mashuka. Aliyebaki akilitumia alikuwa mkewe. Na mkewe alifariki mwaka jana, mwezi kama huu, humo humo wodi namba nne, kitanda cha dirishani.

Darasa zima lilikuwa na watu wanne, ukimhesabu na mwalimu. Mwalimu alikuwa karani wa mapokezi, binti mwembamba mwenye sauti iliyozoea kuita wagonjwa walioko mkiani mwa foleni, wakambatiza Ticha. Wanafunzi walikuwa Dobi, Mlinzi wa geti, na mhudumu wa wodi namba nne, mama wa makamo aliyeitwa Mama Pacha kwa ajili ya wanawe. Ticha aliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati la chuma. Ubao waliuomba tangu mwezi wa kwanza.

"Ubao unashughulikiwa," Mlinzi alisema kila siku somo lilipoanza, akiibana pua, na kila siku walicheka. Alikuwa akimwigiza Msimamizi Mkuu. Huyo bwana hakuna jambo alilowahi kulikataa wala kulifanya. Umpelekee habari ya bomba linalovuja, ya mshahara uliochelewa, ya panya stoo, atakuangalia kwa upole, atafunga kalamu yake, atakwambia, "Suala hilo linashughulikiwa." Kwa hiyo mgongoni mwake aliitwa Bwana Linashughulikiwa, na waliomwita hivyo walitazama kwanza kushoto na kulia.

Huyo bwana ndiye aliyetoa waraka ulioanzisha darasa hili. Ijumaa ya wiki hii wangekuja wakaguzi kutoka kwa wafadhili. Kila idara iliruhusiwa kuwauliza swali moja tu, kwa Kiingereza, tena kwa lugha ya heshima. Lugha ya heshima, waraka ulieleza, ni ile isiyomnyooshea mtu kidole. Usiulize nani kafanya nini. Uliza nini kimefanywa, na huyo aliyekifanya, ikibidi atajwe, akae mwisho wa swali, nyuma ya wengine.

"Who washed the sheets?" Ticha aliandika, akageuka. "Nani alifua mashuka?"

"Mimi," akajibu Dobi.

"Sijakuuliza, baba. Ni mfano."

"Hata kama ni mfano, ni mimi."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Ticha naye alijikaza asicheke, akaandika mstari wa pili chini ya wa kwanza: By whom were the sheets washed? "Sasa tumeligeuza. Mashuka yamekuja mbele. Mashuka yalifuliwa na nani?"

"Na mimi," akasema Dobi. "Umezunguka kote huko, binti yangu, na bado ni mimi."

Lakini macho yake hayakutoka kwenye lile kabati. Aliinama, akachomoa foronya moja kwenye furushi, akaingiza mkono mpaka kwenye pembe, akaishika pembe na kuivuta taratibu. Ndani ikawa nje. Mshono uliokuwa umejificha ukatokeza wote, na nyuzi zake, na vumbi la pamba lililojikusanya humo kwa miezi.

"Kumbe ni hivi," alisema peke yake. "Kitambaa ni kile kile. Umeona tu pale mshono ulipopita."

"Haswa, baba!" Ticha alipiga makofi, chaki ikaruka vumbi. "Yaani mimi nimesomea miaka miwili na sijawahi kuelezwa vizuri namna hiyo. Haya, baba Mlinzi, zamu yako. Did you close the gate?"

"Was... the gate..." Mlinzi alikaza macho kama anayenyanyua gunia. "Was the gate closed by you?"

"Vizuri!"

"Na lilifungwa, tena mara mbili, na waandike hivyo. Ila hebu niambie, Ticha. Yule wa mwishoni, wa nyuma ya hilo 'by', ni lazima aandikwe?"

"Wala si lazima. Unaweza kumwacha. 'Was the gate closed?' Je, geti lilifungwa? Basi, imetosha."

Penseli ya Dobi ilisimama. "Ukimwacha, anakwenda wapi?"

"Haendi popote, baba. Hatajwi tu."

Tone likadondoka. To. Dobi akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, akagusa karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni, kama mtu anavyogusa jino linalouma kuhakikisha kwamba bado linauma.

Ilikuwa barua ya hospitali. Mistari mitatu ya Kiingereza. Mwaka jana Ticha huyu huyu ndiye aliyemsomea, pale kwenye kidirisha cha mapokezi, sauti yake ikipungua kila neno: kwamba dirisha la wodi namba nne liliachwa wazi wakati wa mvua, kwamba mgonjwa alilowa, kwamba hospitali inasikitika. Liliachwa wazi na nani? Dobi aliuliza. Haikuandikwa, baba, Ticha alijibu. Mara saba alikwenda kwa Msimamizi Mkuu kuuliza lile lile, kofia mkononi. Mara saba suala lilikuwa linashughulikiwa. Ndiyo maana, siku waraka ulipobandikwa, wenzake wakilalamika kwamba uzee huu na Kiingereza wapi na wapi, yeye alijiandikisha wa kwanza. Kwa wakubwa, swali la Kiswahili lilikuwa kelele za nzi. Basi angewauliza kwa mdomo wao wenyewe. Swali moja lilimtosha. Alitaka mtu. Alitaka jina lenye miguu na mikono, lisimame mbele ya wakaguzi, lione haya.

"Binti," alisema, "tupe na la dirisha."

"Dirisha gani?"

"Nani alifungua dirisha. Ligeuze tuone."

Ticha aliandika: Who opened the window? Kabla hajamaliza, kikombe cha Mama Pacha kilianguka. Chai ikatambaa sakafuni ikifuata mfereji wa maji ya mashuka. Mama Pacha alikuwa amesimama tayari, anajifunga kanga upya.

"Nimeacha beseni wodini," alisema.

"Beseni halikimbii, mama," Mlinzi alimtania. "Au nalo limefunguliwa geti?"

Mama Pacha aliokota kikombe. Alitoka akipita katikati ya mvuke, na mvuke ukajifunga nyuma yake.

*

Siku zile tatu zilizobaki, Dobi aliishi ndani ya maswali. Asubuhi alichemsha, adhuhuri alisuuza, na alasiri alianika uani, kamba kumi na mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Mashuka yakijaa upepo, ua ulikuwa mji mweupe wenye vichochoro, na yeye alitembea vichochoroni mle, vibanio mdomoni, akigeuza foronya na maneno pamoja. Who took the soap? By whom was the soap taken? When did they bring the water? When was the water brought? Kila foronya iliyogeuka ilitoa sauti ndogo, pu, na kila swali lililogeuka lilimwacha mtu wake mwishoni, kule mbali, nyuma ya shuka la mwisho, kivuli tu cha miguu kikionekana chini ya pindo.

Wakati mwingine miguu hiyo ilikuwa ya mkewe. Aliijua kwa namna kidole kidogo kilivyopanda juu ya mwenzake. Hakuogopa, mtu haogopi miguu aliyoiosha kwa miezi mitano ya ugonjwa. Aliuliza kwa Kiingereza chake kipya, taratibu, asiushtue upepo: By whom was the window opened? Shuka lilijivuta ndani, likajitoa nje, kama kifua cha mtu anayetaka kusema. Alipolifunua, palikuwa na ukuta, na juu ya ukuta dirisha la wodi namba nne, na juu ya dirisha hilo, ghorofani, madirisha ya ofisi za wakubwa yenye mapazia ya rangi ya maziwa.

Hayo ya juu hakuyatazama. Alikuwa na neno nayo.

Alasiri ile ya mwaka jana mvua ilikuja bila kubisha hodi. Mashuka themanini yalikuwa kambani. Dobi alikimbia huku na huko akiyakwanyua, upepo ukamgeuzia moja, likamvaa kichwani, likamzunguka miguu, akaenda chini matopeni akiwa amefungwa kama mzigo wa posta. Alipokuwa humo gizani mwa shuka, akipigana na pembe zake, alisikia mtu anacheka kutoka juu. Kicheko chembamba, kirefu, kikakatika mwishoni ghafla kana kwamba kimefungiwa mlango. Alipofanikiwa kutoa kichwa, maji yalimjaa machoni. Aliona madirisha ya ofisi tu. Akajua. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, anaokoa mali yao kwenye mvua, na wao wanamcheka kutoka kavuni.

Jioni ile alimkuta mkewe amehamishiwa kitanda cha katikati, godoro lake la dirishani limesimamishwa ukutani linachuruzika. "Upepo tu, baba," mkewe alimwambia, na akatabasamu tabasamu la mtu aliyeficha kitu chini ya mto. Siku ya tatu kifua kilijaa. Siku ya nne hakuwapo.

Tangu hapo kicheko na kifo vilikaa chumba kimoja ndani ya Dobi. Aliyecheka na aliyeacha dirisha wazi, kwake, walikuwa watu wa meza moja.

*

Alhamisi alimpelekea Ticha swali lake kwenye kidirisha cha mapokezi. Alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa, kila herufi imesimama peke yake kama shuka kwenye kibanio: BY WHOM WAS THE WINDOW OPENED?

Ticha alisoma. Akasoma tena. "Halina kosa hata moja," alisema, ila hakufurahi. "Baba, nikwambie kitu?"

"Niambie, mwanangu."

"Msimamizi ameshatutangazia huko ndani. Jina lolote litakalotajwa mbele ya wakaguzi, mwenye nalo anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Anataka kuwaonyesha kwamba yeye ni mkali."

"Ndicho ninachokitaka."

"Hata kama ni mtu mdogo?"

"Mdogo kutoka wapi? Madirisha wanafungua wakubwa, joto likiwashika."

Ticha alimrudishia karatasi. Nyuma ya Dobi, kwenye foleni, Mama Pacha alikuwa amesimama na kapu la mashuka machafu. Haijulikani alikuwa pale tangu lini. Alisema, bila kumtazama yeyote, "Shemeji, leo ukikunja nitakuja kukushikia upande wa pili." Alimwita shemeji kwa kuwa wodini alimwita mkewe dada, na tangu mazishi, kila asubuhi, alimletea kikombe cha chai kwenye mapipa, akakiweka, akaondoka. Dobi alikichukulia kuwa huruma, na huruma ya bure haikatazwi.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni pana mno. Wawili hulishika, kila mmoja pembe mbili, wakarudi nyuma mpaka likakaza. Kisha wanakwendeana, wanapeana pembe, vidole vinagusana, wanaachana tena. Mbele, nyuma. Ukiwatazama watu wanaojua kazi hiyo utadhani wanacheza muziki usiosikika. Msaidizi wa Dobi aliondolewa kazini miaka miwili iliyopita, nafasi yake ikawa inashughulikiwa, kwa hiyo alizoea kukunja peke yake, pembe mbili amezifunga kwenye msumari. Leo msumari ulipumzika.

La kwanza walilikunja. La pili pia. La tatu, walipokutana katikati na vidole vikagusana, Mama Pacha alisema:

"Ni mimi niliyelifungua, shemeji."

Na akarudi nyuma, kwa sababu shuka lilitaka arudi. Likakaza baina yao. Dobi alilishika. Mikono ilijua la kufanya. Kichwa ndicho kilichokuwa kimepotea.

Wakaendeana. "Dada aliniomba."

Wakaachana.

"Alikwambia nini?" Dobi aliuliza kutoka upande wake wa shuka, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali.

Wakaendeana. "Alisema, 'Nifungulie nimwone mzee wangu anavyokimbizana na mashuka. Mvua inakuja, hapo ndipo anapendeza.'" Mama Pacha alimpa pembe. "Kila alasiri alikuwa anakutazama kupitia kioo. Kioo kilikuwa kichafu, hakikufutwa. Siku ile alitaka kukuona vizuri."

Shuka la nne. Mama Pacha alilifunua, likapaa, likashuka polepole baina yao.

"Ulipoanguka alicheka," alisema. "Mungu nisamehe, na mimi nilicheka. Ila yeye alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka kikohozi kikamkata."

Dobi alisimama. Pembe zilimponyoka, shuka likaanguka sakafuni, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka ishirini na sita.

"Alicheka vipi?"

"Shemeji..."

"Nionyeshe. Alicheka vipi?"

Mama Pacha hakuweza kukiigiza. Alisema tu, "Chembamba. Kirefu. Halafu kikakatika," na mkono wake ukafunga kitu hewani, kama mlango.

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye pipa la mwisho. Dobi alikaa chini palepale, juu ya shuka lililoanguka. Mwaka mzima alikuwa amebeba kicheko kile kifuani kama jiwe la kumrushia mtu. Kumbe alikuwa amebeba cha mkewe. Cha mwisho. Miezi mitano ya ugonjwa hajamsikia akicheka hata mara moja, mpaka akasahau kinavyolia. Na kilipokuja, akakipa watu wengine.

Baadaye, akiwa ametulia kidogo, aliuliza lililobaki. "Na kufunga? Kwa nini hukufunga?"

"Nilifunga!" Mama Pacha alilia sasa, waziwazi. "Mvua ilipogeukia upande wetu nilivuta dirisha, nikasukuma komeo, komeo likanibaki mkononi. Lote, na misumari yake. Nikafunga kwa bandeji, upepo ukaikata. Nikakimbilia stoo kuomba waya. Wakaniambia waya hautoki bila sahihi ya Msimamizi. Msimamizi yuko kikaoni. Nimesimama nje ya kikao nimelowa kama kuku, karani wake ananiambia subiri. Niliporudi kitanda kilikuwa bwawa. Komeo lile, shemeji, nilikuwa nimeliandika kwenye daftari la wodi mara tatu kabla ya siku hiyo. Mara tatu! Unajua nilijibiwa nini."

Dobi alijua.

"Na mimi? Mwaka mzima unaniletea chai. Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Kesho yake asubuhi, homa imeshapanda. Alisema, 'Ukimwambia nilitaka kumwona, atayachukia mashuka, na hana kazi nyingine. Mwache awachukie wakubwa, hao wamezoea.'"

Hapo Dobi alicheka. Hakukusudia. Kilimtoka tu, kidogo, cha kukwaruza, kwa sababu ilikuwa ni yeye mtupu, mkewe, maneno yake hasa. Halafu aliinuka, akaokota shuka, akalitumbukiza tena kwenye pipa. Lilikuwa limegusa sakafu.

*

Ijumaa, kabla ya saa tatu, alirudi kwenye kidirisha cha mapokezi. Ticha alikuwa amevaa viatu vya kupokelea wageni.

"Binti. Komeo kwa Kiingereza linaitwaje?"

"Latch. Kwa nini?"

"Na jambo likiwa halijafanywa. Yaani bado. Unaligeuzaje?"

Ticha alimtazama. Kisha akavuta karatasi, akamwandikia mfano wa gunia la mchele na mpishi, akamwonyesha hilo 'will' linapokaa na hilo 'be' linapochomekwa. Dobi aliingiza mkono mfukoni mwa koti la kazi, na humo mfukoni, mahali ambapo Ticha hakuona, vidole vyake viligeuza kitu kisichokuwapo, pembe kwa pembe.

Ukumbi ulikuwa wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani. Wakaguzi walikuwa watatu, mwanamama mmoja wa miwani na mabwana wawili waliosinzia kwa adabu. Msimamizi Mkuu alikaa kando yao, tai imembana, karatasi ya majina mbele yake na kalamu ikiwa wazi safari hii. Idara zilisimama moja moja. Jikoni waliuliza kama sufuria zitaongezwa. Mlinzi, jasho likimtiririka, aliuliza kama taa za geti ziliagizwa, na aliketi akipigiwa makofi kama aliyefunga goli.

Mama Pacha alikuwa nyuma kabisa, mlangoni. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko sare yake ya pili, imekunjwa, imeshapigwa pasi ya kurudishwa. Wakati Dobi alipopita kwenda mbele walitazamana. Alimwinamia kichwa, kama kumwambia: haki yako, shemeji, iseme.

Dobi alisimama. Karatasi ilikuwa mkononi, ile ile, yenye herufi kubwa. Aliitazama. Dirisha lilifunguliwa na nani. Lilikuwa swali zuri, halina kosa hata moja, na jibu lake alilijua, na lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyowahi kupewa maishani. Hakuona sababu ya kulitoa humu ndani walione hawa.

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni pamoja na ile barua.

"By whom," alisema. Ukumbi ukatulia. Mbali, uani, mashuka yalisikika yakipiga upepo. "By whom will the latch of the window in ward four be repaired?" Komeo la dirisha la wodi namba nne litatengenezwa na nani?

Msimamizi Mkuu alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa faraja. Alifunga kalamu. "It is being attended to," akasema, linashughulikiwa lake lile lile kwa Kiingereza, akigeukia wageni.

Yule mama wa miwani hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama Dobi, mikono yake iliyochubuka kwa magadi, koti lake. Kisha akasema, kwa upole kabisa, maneno mawili:

"By whom?"

Mtu alicheka nyuma, akajiziba. Msimamizi Mkuu alifungua mdomo. Alifungua tena. Hakuna jina lililotoka, maana hakuwahi kuliweka humo.

"Twendeni tukalione," mama yule alisema kwa Kiingereza, na Ticha akatafsiri kwa sauti ya foleni, ukumbi mzima ukasikia.

Wakaenda wote, mstari mrefu, kupita korido, hadi wodi namba nne. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa kamba ya viatu. Msimamizi Mkuu, akitaka kuonyesha kwamba hakuna kubwa hapo, alifungua kamba, akasukuma dirisha, akashika komeo lililobandikwa juu juu pale kwa ajili ya ukaguzi.

Komeo likambaki mkononi. Lote, na misumari yake.

Dobi hata hakumtazama. Alikitazama kitanda, ambamo bibi mmoja mgeni kwake alikuwa amelala anashangaa msafara. Ndani ya robo saa stoo walileta komeo jipya la chuma, na fundi, na mafuta ya bawaba, na waya ambao hakuna aliyeuomba. Robo saa. Mwaka mzima, na miaka kabla ya mwaka huo, ulikuwa umekaa mbali na robo saa kwa umbali wa sahihi moja. Hilo Dobi hakulisamehe wala hana mpango. Aliyekufa hakuletewa komeo. Na kama si mgeni kuuliza, hata huyu bibi angelala kwenye kamba ya viatu.

Mama Pacha alirudisha sare yake ya pili kabatini. Jina lake halikuandikwa popote siku ile, na kwa mara ya kwanza kutotajwa kukawa kumemfaa mtu mdogo.

Alasiri upepo ulikuja. Si mvua, wingu moja tu la kutembea, lisilo na haraka. Mashuka themanini yalikuwa kambani, mji mweupe umesimama na vichochoro vyake vyote, na Dobi alitembea humo ndani, vibanio mdomoni. Kwenye kamba ya saba alisikia dirisha la wodi namba nne likifunguliwa, halafu mlio mdogo wa chuma, tik, ndoano ya komeo jipya ikilishika lisipigwe.

Hakuinua macho. Alijua kuna mtu anatazama. Huenda ni bibi yule wa kitanda cha dirishani, huenda Mama Pacha, huenda ni nani. Upepo ukavuta shuka la wodi namba nne, ukalijaza, ukamgeuzia. Mwaka mzima alikuwa analikwepa shuka la namna hiyo, akiinama kwa hasira, akijilinda na ofisi. Safari hii alisimama tu. Likamvaa kichwani, likamzunguka mabega na miguu, baridi, jeupe, lenye harufu ya sabuni yake mwenyewe, akayumba humo ndani kama mlevi, mikono hewani.

Na juu, dirishani, mtu akacheka.